Ufundi wa Kuchelewesha

Tone linapong'oka kwenye ncha ya sindano huacha mkia nyuma yake. Likipata nafasi hewani, mkia hurudi ndani na tone hufika chini likiwa duara. Sindano ikiwa karibu mno na beseni, mkia haupati muda, na kinachopatikana ni kitu chenye ncha upande mmoja. Ikiwa juu mno, tone hugonga maji likapondeka na kuwa bapa. Mtu anayetengeneza vigololi vya alginati anaweza kumaliza asubuhi nzima akitafuta urefu huo, anapandisha na kushusha kishikio kidogo kidogo, na hapo kazi yenyewe bado hajaianza.

Kazi yenyewe ni kutengeneza punje za milimita moja au mbili zikishakauka, ambazo zitafukiwa pamoja na mbegu ya mahindi au chini ya mche wa kahawa. Zikae humo zikiachia zinki, shaba au chuma kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kisha zenyewe ziliwe na vijidudu vya udongo, zisibaki. Malighafi zake ni polima za viumbe: ute wa mwani wa kahawia, magamba ya kamba, pektini ya maganda ya machungwa, lignini ya mbao. Nimekuwa nikiufuatilia ufundi huu kwa muda, na kila nikiutazama naona kuwa kuingiza kirutubisho ndani ya punje ni jambo la siku moja. Kukitoa kwa mwendo unaoufaa mmea, ndani ya udongo usiojali hesabu za mtu, ndiko kunakowazeesha mafundi.

Kiasi kinachogombaniwa ni kidogo cha kushangaza. Tani moja ya punje za mahindi hubeba takribani gramu 20 za zinki, kwa hiyo hekta inayotoa tani 5 hupoteza ndani ya magunia kama gramu 100. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, hekta hiyo ina mashimo yapatayo 44,444, na kila shimo linadai miligramu 2 na robo tu. Lakini ushauri wa kawaida humwambia mkulima atie kilo 5 hadi 10 za zinki kwa hekta. Hizo nyingine zinakwenda wapi? Udongo unazikamata. Mfinyanzi unazivuta, oksidi za chuma zinazifunga, chokaa inazigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka. pH ikipanda kwa kipimo kimoja, zinki iliyo tayari kunyonywa hupungua mara 100 hivi, na chuma mara 1,000. Mhindi unaweza kusimama juu ya kilo kadhaa za zinki huku majani yake yana milia myeupe pande mbili za mshipa wa kati. Busta za kunyunyizia majani husaidia, sikatai, ila zinki haihami kirahisi kutoka jani kuukuu kwenda jani changa, kwa hiyo bomba la mgongoni halipumziki.

Hapo ndipo wazo la punje linapoanzia. Tuseme punje iliyokauka ina zinki asilimia 10 ya uzito wake na upana wa milimita moja na nusu. Punje kama hizo 9 kwa shimo zinatosha kulipa deni la miligramu 2 na robo. Bila shaka mzizi hautanyonya zote, kwa hiyo fundi ataongeza. Hata hivyo hesabu yake inabaki kwenye vidole vya mikono, na hesabu ya mfuko wa kilo 50 iko mbali nayo.

Tuingie sasa jikoni kwao. Alginati huja kama unga mweupe unaoelekea manjano. Ukiumwaga kwa pupa ndani ya maji hufanya mabonge yenye ngozi ya ute nje na unga mkavu ndani, na hata ukiyakoroga mpaka jioni hayatavunjika. Kwa hiyo unga hunyunyizwa kwa ncha za vidole juu ya maji yanayozunguka, gramu 2 hivi kwa kila mililita 100, kwa subira ya mtu asiye na basi la kuwahi. Ukishayeyuka, uji huo huachwa ulale usiku kucha ili mapovu yapande yenyewe. Povu moja likinaswa ndani ya kigololi linakuwa shimo la kutorokea, na kigololi chenye shimo hakicheleweshi chochote.

Halafu linakuja fumbo la kwanza. Zinki itiwe lini? Mwanafunzi mwenye haraka humimina salfeti ya zinki moja kwa moja ndani ya uji, na uji wote hugandia pale pale, bonge moja lisilopita kwenye sindano. Zinki ina chaji mbili chanya. Mnyororo wa alginati umejaa chaji hasi. Vikikutana havingoji ruhusa. Mafundi hutumia hasira hiyo hiyo kwa faida yao. Uji mtupu, usio na kirutubisho, hudondoshwa ndani ya beseni la chumvi ya zinki, na zinki yenyewe ndiyo inayofunga mlango wa nyumba itakayokaa. Kirutubisho na kufuli vinakuwa kitu kimoja. Sijui ufundi mwingi wenye uchumi wa namna hii.

Aliyewahi kumtazama mama wa pwani akidondosha kaimati kwenye mafuta anajua kinachotokea ndani ya beseni. Ngozi ya nje hushika mara moja, ndani kungali laini, na anayeepua mapema hupata kitu kinachopendeza machoni na kumwaga unga mbichi mdomoni. Kigololi nacho hushika nje kwa nukta chache tu. Ioni za zinki lazima zipenye ngozi hiyo zifike katikati, na kila tabaka jipya linaloganda huzichelewesha zinazofuata. Dakika chache huacha kiini chenye majimaji. Saa kadhaa hukikaza mpaka ndani. Ukikiacha zaidi ya hapo, jeli hujikunyata na kukamua nje maji yake pamoja na kilichoyeyuka humo. Mzoefu hutoa kimoja, hukikata kwa wembe, hutazama katikati, huamua. Rangi humsaidia: shaba hutoa vigololi vya buluu, chuma hutoa vya kutu, na weupe wa zinki huonyesha wazi mpaka kati ya palipoganda na palipo bado.

Ute huu ulitolewa kwenye mwani na mkemia Mwingereza, E. C. C. Stanford, aliyeutangaza mwaka 1881. Alikuwa akishughulika na mwani wa Uskoti, ambao wakati ule ulichomwa ili kupata iodini, na akaona hasara katika kuunguza mmea mzima kwa ajili ya sehemu yake ndogo. Ilichukua karibu karne moja kuelewa kwa nini unaganda. Huko Trondheim, Norway, Arne Haug na Olav Smidsrød walipima kwa utaratibu ni metali ipi inashikwa kwa nguvu na ipi kwa ulegevu. Mwaka 1973 David Rees na wenzake nchini Uingereza wakaeleza umbo lenyewe: mnyororo wa alginati una vipande vilivyokunjwa, na minyororo miwili ikilazwa sambamba hubaki vishimo katikati ambamo ioni hukaa moja moja. Wenyewe waliuita mfano wa trei la mayai, na jina hilo limebaki vitabuni.

Orodha ile ya Trondheim ndiyo anayoishi nayo fundi wa vigololi. Shaba hushikwa kwa nguvu sana. Kalsiamu kwa wastani. Zinki iko chini ya kalsiamu, na manganizi hushikwa kwa shida. Ukitaka kutengeneza kigololi kimoja chenye kila kitu, ukachanganya chumvi zote ndani ya beseni moja, shaba itakalia vishimo na manganizi itabaki kwenye maji ya kumwaga. Ndiyo maana napenda zaidi kazi za wale wanaotengeneza kila kirutubisho peke yake, kisha wakachanganya punje kavu kwa vipimo. Hazina mvuto kwenye picha za majarida, ila mtu anajua alichotia.

Hata aina ya mwani ina neno lake. Shina la Laminaria hyperborea, mwani mkubwa wa pwani ya Norway, hutoa alginati yenye vipande vingi vya kushika ioni, na jeli yake huwa ngumu na yenye kuvunjika. Aina nyingine hutoa jeli laini inayonesa. Mtu akisema "alginati" bila kusema imetoka wapi, fundi mwenzake humtazama kama muuza mbao aliyesema "mti".

Kuna dari lakini. Kila ioni ya zinki inahitaji chaji mbili hasi, kwa hiyo kwa hesabu ya kemia peke yake kigololi kikavu hakiwezi kubeba zinki zaidi ya asilimia 16 hivi. Anayetaka kuvuka hapo hutia ndani ya uji unga laini wa oksidi ya zinki, ambayo haiyeyuki na hivyo haigandishi, kisha hudondosha kwenye kalsiamu. Sasa kigololi kina akiba ya aina mbili: ile iliyofungwa kwenye mnyororo na ile iliyokaa kama mchanga ndani yake. Ya pili hutoka kwa mwendo wake, polepole zaidi udongo ukiwa na chokaa, upesi zaidi ukiwa na asidi. Kuweka akiba mbili zenye mwendo tofauti ndani ya punje moja ni kazi ya mtu aliyekwisha kufikiri juu ya mmea, maana mche mchanga na mhindi unaotoa mbelewele haiombi kwa sauti moja.

Boroni ndiyo inayowaumbua mafundi. Katherine Warington wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alionyesha mwaka 1923 kuwa maharage mapana hayaishi bila boroni. Miaka mitatu baadaye Sommer na Lipman, Marekani, walionyesha hivyo kwa zinki. Hapo virutubisho hivi viwili vinaachana njia. Zinki ina chaji na hushikika. Boroni ndani ya udongo mwingi ni asidi ya boriki, molekuli ndogo isiyo na chaji, na kila wavu unaoijengea huupita katikati. Ukiitia kwenye uji wa alginati, nyingi inaishia kwenye beseni wakati wa kugandisha, nyingine kwenye maji ya kuoshea, na kigololi kinachobaki ni kitupu chenye sura nzuri. Isitoshe, umbali kati ya boroni inayotosha na inayounguza majani ni mfupi kuliko wa kirutubisho kingine chochote kidogo. Hapa kuchelewesha kunaokoa mazao, maana dozi nzima ikitoka wiki ya kwanza huua.

Mafundi wazuri wameishika boroni kwa njia ya pembeni. Katika mazingira yenye magadi, boroni hushikana na sukari zilizo na mikono miwili ya haidroksili upande mmoja, kama zile za gamu ya guari. Kwa hiyo hujengwa jeli ya guari ambamo boroni yenyewe ndiyo fundo. Wengine huchukua madini ya boroni yanayoyeyuka kwa uvivu, kama kolemanaiti, wakayasaga na kuyafunga ndani ya alginati. Na hapa lipo jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: mwaka 1996 ilithibitishwa kuwa ndani ya ukuta wa seli ya mmea boroni hufanya kazi hiyo hiyo ya fundo, ikiunganisha minyororo miwili ya pektini. Pektini hiyo nayo hukazwa na kalsiamu kwenye vishimo vya namna ile ile ya alginati. Anayetengeneza punje hizi maabara anarudia mshono ambao mzizi wenyewe umeshonwa nao.

Baada ya kugandisha kuna kuosha. Ukiosha kidogo, chumvi iliyoganda juu ya ngozi itatoka yote siku ya kwanza mvua ikinyesha. Ukiosha sana, unatoa na ile uliyoitaka. Kisha kukausha, na sidhani kama kuna hatua inayodharauliwa zaidi ya hii kwenye maandishi ya kitaalamu. Mara nyingi hupewa sentensi moja tu. Kigololi kibichi ni maji karibu yote, na kikikauka hupungua hadi kama theluthi ya upana wake. Kikitiwa kwenye tanuri kali, nje hukauka kwanza na kukaza, ndani kunavuta, na ngozi inapasuka nyufa ambazo jicho halizioni. Kikikaushwa kwa kugandishwa na kunyonywa hewa, kinabaki na matundu tele, chepesi, na kinaachia mzigo wake upesi. Kikianikwa kivulini juu ya chujio, kikigeuzwa mara kwa mara kisishikane na wenzake, hutoka kigumu, kidogo, chenye kung'aa kidogo. Uji ni ule ule na beseni ni lile lile, ila kila mkaushaji ametengeneza bidhaa yake.

Mwendo wa kutoka una sheria ambayo haina huruma. Katika mtawanyiko, muda hukua kwa mraba wa ukubwa: kigololi chenye upana maradufu huchukua muda mara 4. Ukubwa basi ndio usukani wa kwanza wa fundi. Lakini zinki ndani ya udongo haitembei. Husogea milimita chache tu kutoka ilipodondoka. Ukitengeneza vigololi vikubwa vinavyodumu, unapata vichache kwa kila shimo, na mizizi mingi haitavikuta. Ukitengeneza vidogo vingi, mizizi itavikuta, ila vitakuwa vimemaliza kazi mapema. Mvutano huu haujatatuliwa na mtu, na hauwezi kutatuliwa kwa kemia peke yake. Kila fundi huchagua mahali pa kusimama, na ukisoma ukubwa wa punje zake unajua alikuwa akiwazia zao gani.

Kuhusu vipimo, nina manung'uniko. Kazi nyingi huweka vigololi ndani ya chupa ya maji safi ya maabara, hupima zinki iliyotoka, huchora mkunjo, hutafuta mlinganyo wa Higuchi wa mwaka 1961 au wa Korsmeyer na Peppas wa mwaka 1983, na huandika kwamba punje inaachia taratibu. Milinganyo hiyo ilizaliwa kwenye fani ya dawa za binadamu, na ni mizuri kwa kazi yake. Ila zinki iliyofungwa kwenye alginati haitoki mpaka ije ioni nyingine kuchukua kiti chake, na maji safi hayana ioni. Punje inaweza kuonekana yenye subira kubwa ndani ya chupa, kisha ikafunguka yote ndani ya udongo wenye kalsiamu, sodiamu na fosfeti zinazozunguka. Kinyume chake nacho hutokea: mkunjo unaotisha kwenye chupa inayotikiswa usiku na mchana hutulia kabisa ndani ya udongo wenye unyevu wa kawaida. Angalau wapime ndani ya maji yenye kalsiamu kloridi kidogo, yanayokaribia majimaji ya udongo.

Ninaowaheshimu ni wale wanaochukua njia ndefu. Hushona vifuko vya neti laini, hutia idadi inayojulikana ya vigololi, huvifukia kwenye kina cha mbegu, huviandikia lebo, na kila baada ya muda hufukua kifuko kimoja. Udongo hupanguswa kwa brashi. Punje huhesabiwa, hukaushwa, hupimwa uzito, huyeyushwa kwa asidi ili kujua zinki iliyobaki. Ni kazi ya kupiga magoti, ya mikono michafu, na mvua ikiharibu lebo msimu mzima umepotea. Takwimu zake huwa na mikwaruzo mingi kuliko mkunjo wa chupa. Ndizo ninazoziamini.

Vifuko hivyo vinaonyesha pia kitu ambacho chupa haiwezi kukionyesha: mzizi una kauli yake. Mzizi wenye njaa haungoji. Hutoa asidi za sitriki na maliki ambazo huing'oa metali kwenye kiti chake. Mwaka 1976 Sei-ichi Takagi wa Japani alieleza jinsi mizizi ya oti na mpunga inavyotoa dutu maalumu ya kuyeyusha chuma pale kinapokosekana, na mahindi yamo kwenye ukoo huo wa nyasi. Punje ya zinki au chuma iliyokaa karibu na mzizi kama huo hufunguka upesi kuliko iliyokaa mbali. Hakuna aliyeiwekea mtambo wala saa. Imetengenezwa kwa kifungo dhaifu kiasi cha kufunguliwa na anayehitaji, na chenye nguvu kiasi cha kustahimili maji ya mvua. Kupata kiasi hicho, kati ya dhaifu na imara, ndiyo alama ya bingwa.

Alginati si ya kila udongo. Huwa thabiti kwenye asidi na hulegea kwenye magadi. Kitosani ni kinyume chake. Hii hutoka kwenye kitini ya magamba ya kamba na kaa: magamba huwekwa kwenye asidi kuondoa chokaa, kisha kwenye magadi makali kuondoa protini, kisha kwenye magadi makali zaidi, kwa moto, mpaka kitini ibadilike. Mfaransa Charles Rouget alilifanya hilo la mwisho mwaka 1859. Harufu yake sitaielezea. Kinachopatikana ni vipande vyeupe vinavyoyeyuka ndani ya siki na kuganda vikidondoshwa kwenye magadi, na vinavyoikumbatia shaba mpaka vinageuka buluu. Ndani ya udongo wenye asidi nyingi, kama ule wa mashamba ya chai, kitosani hulegea mapema. Kwenye udongo wa chokaa hukaa. Ikiliwa na vijidudu huacha naitrojeni, maana karibu asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake ni naitrojeni, zawadi ndogo ya kuagia. Watafiti wa Udaipur, jimbo la Rajasthan nchini India, wamefanya kazi nyingi na kitosani ya shaba na ya zinki kwenye mbegu na majani ya mahindi, kwa chembe ndogo mno kuliko vigololi ninavyovizungumzia. Mimi moyo wangu uko kwenye kile kinachoonekana kwa macho na kuhesabika kwa kidole, ingawa sidai kuwa hiyo ni hoja ya kisayansi.

Msomaji wa Unguja ameshajiuliza: na mwani wetu? Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza visiwani mwaka 1989, baada ya miaka mingi ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kueleza kwamba bahari ile ina utajiri usiovunwa. Waliokiinua ni wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine, wakifunga vipande kwenye kamba maji yakitoka. Mwani wao, spinosum na cottonii, ni mwekundu kwa ukoo, hauna alginati. Una karajinani. Ya cottonii hukazwa na potasiamu, ya spinosum na kalsiamu, na zote huyeyushwa kwa maji ya moto kisha hushika zikipoa. Kama ganda la kirutubisho ni dhaifu kidogo: potasiamu huondoka na mvua, jeli ikalegea. Ikichanganywa na alginati hufanya kazi vizuri zaidi. Alginati yenyewe iko kwenye mwani wa kahawia wa jamii ya Sargassum, unaotupwa ufukweni na watu wakaufagia. Ubora wake hubadilika mno kutoka mahali hadi mahali, na hilo lina maana ya kazi nyingi ya kupima kabla ya mtu kujisifu. Ila hebu tazama ramani: mita chache juu ya fukwe hizo unapoanikwa mwani, kuna ardhi ya maweni, udongo mwembamba juu ya mawe ya matumbawe, chokaa tupu, aina ile ile ya udongo inayofunga chuma na zinki. Ugonjwa na malighafi ya dawa yake vinatazamana ng'ambo ya barabara moja.

Sababu ya kuhangaika na polima za viumbe inajulikana. Mbolea za kuachia polepole zipo sokoni tangu miaka ya 1960, nyingi zikiwa na ganda la plastiki au resini. Zinafanya kazi vizuri, tuwe wakweli, na mwendo wake hutabirika kuliko wa kigololi chochote cha mwani. Lakini ganda hubaki. Huko Japani maganda matupu kutoka mashamba ya mpunga hupatikana kwa wingi kwenye fukwe, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia plastiki ndogo zinazotiwa kwenye bidhaa kwa makusudi, mbolea zilizofunikwa polima zikiwamo.

Bei bado ni ukuta. Kilo moja ya alginati hugharimu mara kadhaa ya kilo ya salfeti ya zinki, na mkulima wa ekari mbili za mahindi hatanunua kigololi kwa sababu mwandishi amekipenda. Sioni aibu kusema kuwa kwa shamba kubwa la nafaka chumvi ya kawaida, ikichanganywa vizuri kwenye mbolea ya kupandia, itaendelea kushinda kwa miaka. Mahali pake naona ni kitaluni. Mche wa kahawa au chai hukaa ndani ya kiriba miezi mingi, ukimwagiliwa mara kwa mara, na kila umwagiliaji huondoka na boroni. Mizizi ndani ya kiriba haina pa kwenda, kwa hiyo ule mvutano kati ya punje kubwa na ndogo hufutika: kigololi kimoja kikubwa, kilichokauka kivulini, kitakutwa tu. Na miche huhesabiwa mmoja mmoja, haipimwi kwa hekta, kwa hiyo hata bei huanza kusikika tofauti. Ningeanzia hapo, kwa boroni kwanza, kwa sababu ndiyo inayomtesa mwenye kitalu na ndiyo ambayo fundi hawezi kuishika kwa ubabaishaji.